Tumbo la Darius

Majengo, Goma, 6 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Magoti yanaendeleaje, na ng'ombe je? Sisi wazima, na leo nina furaha ya kurukaruka: mwanao, mume wangu Darius, ameacha sigara! Daktari alimwambia kifua kimechoka, naye akaapa kwamba mtoto huyu ninayembeba hatakuta moshi nyumbani. Asubuhi hakohoi tena, Mama!

Ila sasa mdomo hautulii. Mikate, karanga, viazi vya jana. Suruali za kazini hazifungi na anaona haya. Naogopa atarudi kuvuta. Mtumie neno la kumtia moyo.

Binti yako,
Julie

Masisi, 20 Aprili 2025

Julie binti yangu,

Mimi mzima, magoti tu. Mjukuu wangu Umugwaneza amenisomea barua yako, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani umejifungua. Suruali hazifungi? Hiyo ndiyo shida? Mwanaume akipata mwili, watu humsifu mke wake. Mwache ale! Dereva Sibomana anawaletea fromaji mbili nzima, jibini la ng'ombe wetu, na maziwa. Akitamani sigara, akate kipande.

Mama yenu,
Nyirarukundo

Majengo, 1 Juni 2025

Mama,

Salamu nyingi. Habari ya nyumbani? Asante kwa fromaji, na tafadhali usitume tena! Darius alikutii kupita kiasi: kila hamu, kipande. Kazini wakaanza kumwita Patron, bosi mwenye kitambi. Siku moja shati lake likanuka moshi, nikataka kulia. Akasema, "Julie, nimevuta moja tu, tumbo ishuke."

Sikugomba. Nikamwambia kesho tutembee mpaka Munigi. "Mutu muzima atembee bure, bila fasi anaenda? Batasema niko na wazimu!" Basi akabeba jembe begani, ili watu waseme tunakwenda shambani. Tulicheka njia nzima! Tukaenda hivyo kila asubuhi, mpaka mzee mmoja wa Munigi akamwuliza, "Shamba yenu iko wapi, papa?" Darius akaelekeza jembe kwenye mawe matupu. Mzee akamhurumia, akatugawia kipande cha shamba lake katikati ya mawe ya volkano. Mama, maharage yetu yameshachipua! Na sigara hajagusa tena. Tumbo bado lipo. Mimi nalipenda, na nimemwambia hivyo.

Anataka kuja kwako mwezi ujao. Kuna jambo moja linanitia hofu, unisamehe kulisema. Jioni wewe huvuta kiko chako, naye hupenda kukaa karibu nawe.

Binti yako,
Julie

Masisi, 15 Juni 2025

Julie,

Natumaini wewe na mtoto wa tumboni hamjambo. Barua yako ilinikasirisha. Nikasema, mke gani huyu anayemkataza mama mkwe kiko chake? Nikakiwasha kwa hasira, nikakimaliza, nikakisafisha, nikampelekea jirani yangu Mukashyaka akae nacho.

Tangu hapo mikono yangu haijui pa kukaa. Nimegombeza kila mtu, hata ndama. Na ninakula, mwanangu! Blauzi ya kanisani imenibana, Umugwaneza akacheka, nikatamani kumchapa. Sasa namwelewa Darius.

Njooni mapema. Mwambie asije kama mgeni, ninamhitaji. Jioni nitamtuma kwa Mukashyaka akanichukulie kiko. Akatae, Julie. Hata nikilia, akatae.

Mama yenu,
Nyirarukundo