Butoyi Anakula

Jumatatu, 2 Juni

Uji mwepesi, kipimo cha kikombe kidogo cha kahawa. Nimechukua nusu saa kuumaliza. Kidonge cha vitamini. Maji funda moja, subiri, funda jingine. Ndiyo asubuhi yangu tangu nirudi Kasulu na tumbo lililokatwa.

Butoyi amekula ugali wa muhogo na dagaa wa mawese. Mkekani, mbele yangu, kakunja miguu kama yuko kwake Kibondo. Anamega tonge, analikanda, analichovya, limepita. Hata halitafuni. Roho inaniuma. Sitanii, inaniuma kweli.

Amekuja kuniuguza. Ameacha muhogo wake shambani kwa ajili yangu. Najua yote hayo. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama walilala tumbo moja.

Jumatano, 4 Juni

Mama alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: pacha hawapunjani. Gauni, yalinunuliwa mawili. Mimi hindi, Butoyi hindi. Nikichapwa mimi, Butoyi naye alipata japo kofi asijione kapendelewa. Wazee wa Kiha walisema ukimpa pacha mmoja ukamnyima mwenzake, unayemnyima unamtafutia ugonjwa. Tukakua sawa. Tukanenepa sawa. Walimu wenzangu waliotoka mikoa mingine wanatuita Kulwa na Doto badala ya Bukuru na Butoyi, na mpaka leo wanatuchanganya.

Kisha sukari ikanichagua mimi. Magoti yangu. Pumzi yangu usiku. Mwanangu wa kwanza aliyeko Dar es Salaam akatafuta hospitali, akalipa, mwishoni mwa Aprili nikapasuliwa. Tumbo limebaki dogo kama yai. Siku ile nilijiona nimependelewa. Nilimwonea Butoyi huruma.

Sasa yeye ana tumbo zima.

Jumapili, 8 Juni

Nimempigia kelele. Alipika sombe, kisamvu chetu, kwa karanga na mawese, harufu ikaingia mpaka kwenye mapazia. Akakaa kula. Alipolamba kidole gumba nikashindwa. Nimemwambia asile tena mahali ninapomwona, anafanya makusudi, amekuja kunionyesha.

Akabeba sahani yake akaenda jikoni. Zabron, mume wangu, aliendelea kutazama taarifa ya habari kama vile amewekwa pale na fundi.

Sasa mimi nakula chumbani, Zabron sebuleni, Butoyi jikoni. Nasikia sufuria zikigongana. Yaliyobaki najazia mwenyewe kichwani.

Jumamosi, 14 Juni

Asali.

Butoyi alikuja nayo kutoka Kibondo, ile nyeusi ya porini, akaificha juu ya kabati. Nimezaliwa naye, najua anakoficha vitu. Leo Zabron alikuwa kwenye duka lake la vipuri vya pikipiki na Butoyi sokoni. Daktari alinikataza vitu vitamu vikali, alinieleza na sababu, nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Nilichukua kijiko. Halafu nikachukua vingine.

Utamu ule. Nililia kwa utamu.

Kisha moyo ukaanza kukimbia. Jasho, mikono kutetemeka, tumbo linakata, macho giza. Nikaanguka sakafuni nikakaa hapohapo, nikijua kabisa kwamba ninakufa na kijiko mkononi. Mwalimu mkuu mzima.

Butoyi ndiye aliyenikuta. Aliona chupa. Alinifuta, akanibadilisha nguo, akanilaza. Baadaye nilimsikia akimpa jirani ile chupa.

Mshtuko umepita. Kinachonitisha sasa ni kubaki hai hivi, miaka na miaka, kwa vijiko. Mimi ndiye niliyejua mama yupi sokoni ana samaki wa mgebuka asiyelala, nani anatia chumvi ya kutosha kwenye maharage. Kwenye kila msiba nilikuwa naitwa jikoni nionje. Ukiondoa kula, nabaki nani? Gauni la zamani na cheti cha ualimu.

Jumanne, 24 Juni

Zabron ameenda kula mbuzi choma na wenzake. Zamani tulikwenda wawili. Leo aliniuliza kama nitamsindikiza. Nikafanye nini, nimshikie chumvi?

Jumamosi, 28 Juni

Tumekwenda Heru Juu, komunio ya kwanza ya mtoto wa binamu yetu. Nilijua litatokea na limetokea. Nimeletewa sahani: pilau, nyama, ndizi, mlima. Nimekula vipande viwili vya nyama nilivyotafuna mpaka vikawa uzi, nikaisukuma sahani. Mwenye nyumba akaja, akasimama, akaitazama. Nikamwambia nimeshiba. Nani anashiba vile? Akachukua kijiko changu, akaonja mbele ya watu, pilau kwanza na nyama baadaye, ili wote waone hakuna sumu. Nilitamani ardhi inimeze, maana mimi siwezi kumeza chochote.

Butoyi akainuka, akasema pacha wa mtu akishindwa chakula, mwenzake anamalizia. Watu wakacheka, mambo yakatulia. Akaondoka na sahani yangu kuelekea uani, na yake pia.

Ameniokoa. Badala ya kushukuru nimekaa nikimwazia kule uani na sahani mbili.

Jumapili, 6 Julai

Leo asubuhi Butoyi amefunga sketi kwa pini.

Nimeangalia mara mbili. Sketi ya kitenge, tuliyoshona pamoja Pasaka ya mwaka jana, kipimo kimoja. Inamzunguka kiunoni. Yangu pia inanizunguka, lakini mimi nimelipa kwa kisu, kwa njaa, kwa kutapika. Yeye amelipa nini? Anakula jikoni kwangu kila siku na anapungua.

Nimemuuliza kama amekula. "Nimekula." Nimemuuliza kama ameshiba. Akaanza kukunja nguo.

Jumapili, 13 Julai

Misa ya pili. Tumetoka nje, mama wa kwaya akamkumbatia Butoyi. Akampongeza kwa upasuaji. Amependeza, amekuwa binti, Mungu amemtendea. Na wengine wakaja. Mwalimu hivi, mwalimu vile. Mimi nimesimama pembeni na kapu. Uso wangu umeingia ndani, ngozi ya mikono inaning'inia, nafanana na mgonjwa. Wakamuuliza Butoyi huyu ndugu yako wa Kibondo anaendeleaje, mbona amechoka hivyo?

Butoyi akawaambia wamekosea. Wakacheka, wakasema hawa pacha bwana. Lakini macho yalikuwa kwake.

Sijaongea naye njia nzima. Alitembea nyuma yangu taratibu, nikadhani anaringa.

Jumatano, 16 Julai

Nywele zinatoka. Kitana kimejaa.

Nimefanya jambo baya na sijutii. Nimemwita chumbani, nikafunga mlango, nikamwambia nimeshamjua. Anakunywa dawa za kupunguza mwili, zinazouzwa kwenye simu. Amekuja kuniuguza huku anashindana nami. Mjane mzima anataka kupendeza kwa nani? Na nikamtaja Zabron. Nilitamka jina lake wazi kabisa. Siamini hata mimi mwenyewe kwamba kuna kitu, lakini nilitaka kumwumiza na hilo ndilo lililokuwa karibu.

Amesema ataondoka muhogo ulioanikwa ukikauka. Nikamwambia hata kabla haujakauka ni sawa.

Ijumaa, 18 Julai

Ameanguka.

Alikuwa uani anatwanga muhogo. Nilisikia mchi, kisha sikuusikia. Nilipotoka alikuwa chini kando ya kinu, unga umemmwagikia usoni, hajitikisi. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwenye koo langu. Zabron akaja na bodaboda mbili, moja ikambeba Butoyi katikati ya dereva na kijana wa dukani, nyingine ikanibeba mimi, mpaka hospitali.

Daktari kamtundikia dripu. Akauliza amekula nini leo. Butoyi amefumbua macho lakini hajibu. Daktari akatugeukia sisi. Zabron akasema shemeji huwa anakula na dada yake, kila anapomkaribisha mezani anamwambia atakula na mwenzake. Nikasema hapana, hali na mimi, nilidhani anakula peke yake jikoni.

Tukatazamana, mimi na mume wangu.

Daktari akauliza tena. Ndipo Butoyi akasema: uji, kikombe kidogo. Na jana? Supu, kikombe kidogo. Na juzi? Daktari akaacha kuandika, akamuuliza ni nani aliyempa mpango huo. Butoyi akanyoosha kidole kwangu.

Jumamosi, 19 Julai

Wamemlaza. Nimekaa naye wodini tangu asubuhi.

Nilimuuliza taratibu, kisha kwa ukali, maana taratibu siijui. Ilikuwa tangu siku ile ya asali. Kila nilichopimiwa mimi alijipimia yeye, kikombe kilekile, jikoni, akasimama palepale karibu na sufuria ya Zabron iliyojaa, akala cha kwake, akaosha vyombo. Zile sahani mbili za Heru Juu aliwapa watoto waliokuwa wakicheza uani.

Nikamwambia mimi nimekatwa tumbo, yeye hajakatwa, anafanya wazimu gani. Akageuza uso ukutani. Aliongea Kiha, sauti ndogo, nami naandika alivyosema.

"Nilikukuta sakafuni, Bukuru. Nikajua unakufa kwa sababu mimi ndiye ninayekula fungu lako."

Nimetoka nje. Nimesimama kwenye kibaraza cha wodi kati ya ndugu wa wagonjwa na mabakuli yao. Wiki zote hizi. Nilisikia sufuria nikatunga karamu. Nimeona pini kwenye sketi nikaona majivuno. Alivyotembea taratibu akitoka kanisani, ni miguu iliyokuwa inakataa.

Nimemwonea wivu mtu mwenye njaa.

Na bado, Mungu anisamehe, nilipomkumbuka akiwa amesimama karibu na ile sufuria, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba angeweza kula na hakula. Mimi ningekula.

Jumapili, 20 Julai

Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Daktari amesema akiendelea hivi na kazi za shamba, akianguka tena huenda asiamke. Amemwambia yeye na amerudia kuniambia mimi nje ya mlango. Ale mara tatu kwa siku, ashibe.

Hataki. Si ubishi, ningeujua ubishi wake. Anaogopa. Zabron amemwekea ugali na maharage, amemega tonge moja, akanitazama, akalirudisha. Nikamwambia sheria za mama zilikuwa za watoto. Akaniuliza mama alisema ziishe lini.

Nimekasirika, nimelia, nimemtishia kumpigia padri. Amekunywa uji kikombe kidogo, akalala.

Nampoteza huku namwona.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi nimepika mwenyewe. Mara ya kwanza tangu Aprili. Ugali wa muhogo, maharage, dagaa wa mawese. Nimesimama juu ya ule moshi na mate yamejaa mdomoni.

Nimetandika mkeka sebuleni. Sahani kubwa yake, kikombe changu cha maharage yaliyopondwa. Nikamwambia tunaanza pamoja na tunamaliza pamoja. Muda sawa, mkeka mmoja, hakuna atakayenyanyuka kabla ya mwenzake. Mimi natakiwa kutafuna polepole, yeye ana kazi ya kutosha kwenye ile sahani. Huko si kupunjana. Kama mama yuko mahali anatuona, aseme.

Kisha akanawa.

Aliposhika tonge, mimi nikashika kijiko. Nilimtazama. Niliona kidole gumba kinavyobonyeza, mawese yanavyoshuka kwenye kiganja, koo linavyopanda na kushuka. Sikugeuza macho, maana nikigeuza ataacha. Zabron alikuja na sahani yake akakaa nasi bila kusema neno.

Kijiko changu cha mwisho nilikitafuna mpaka hakikuwa na ladha yoyote, nikimsubiri.

Alifuta sahani. Akauliza, kwa aibu, kama kuna ugali mwingine. Wivu ulinipanda mpaka kooni. Nikatumbukiza tena kijiko kitupu kwenye kikombe changu kilichokwisha ili aone bado nakula, nikaenda jikoni kumletea.