Filimbi za Kanyakine Zilikuwa Zako

Kendi mdogo wangu,

"Ukibana data lazima utupe kitu. Hakuna mzigo unaopungua bila kumwagika." Hivyo ndivyo mhandisi mmoja alivyotutangazia wiki jana ukumbini Makutano, mbele ya walimu wa kompyuta. Nilisimama kabla hajaketi. Nilimwambia anachanganya picha ya simu, inayoweza kupoteza chembe mbili tatu bila mtu kugundua, na rekodi ya mgonjwa, ambayo ikipoteza tarakimu moja inaua. Kisha nikawasimulia zile filimbi za utotoni, kijijini kwetu Kanyakine.

Unazikumbuka. Wewe ng'ambo ya bonde na mbuzi, mimi huku kwenye shamba la kahawa. Mimi msomaji mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, niliamuru kila ujumbe uwe na milio mitatu. Ulicheka hadi ukakaa chini.

"Wewe kaka, unataka kunichosha mdomo? Mama anatuita kula kila siku. Nyoka tumeona mara ngapi?"

Ukakipa chakula mlio mmoja mfupi. Mbuzi wakiingia shambani, mrefu na mfupi. Nyoka, mirefu miwili. Hakuna ujumbe uliopotea, na mdomo ukapumzika. Ulikuwa na miaka tisa. Sikukusamehe.

Leo uko ughaibuni, unaandika programu za kazi hiyohiyo ya kubana ujumbe. Uliponieleza kwa simu niliuma meno.

"Filimbi haina nusu, kaka. Ujumbe ukistahili mlio mmoja na nusu, zamani ulilazimika kupiga miwili. Sasa ile nusu tunaibeba hadi ujumbe unaofuata. Na hatupigi hesabu kila mara. Majibu yameshaandikwa kwenye jedwali, tunasoma tu, mbio."

Nimesoma vitabu vingi kukushinda, na hiyo nusu sikuwahi kuiona.

Kwa hiyo pale ukumbini nilisema, "Niliyavumbua haya nikiwa mtoto." Makofi yakapigwa. Mwalimu mmoja wa Kanja akaandika jina langu daftarini, ili akawafundishe wanafunzi wake. Raha hiyo ilidumu hadi nilipomsimulia mama. Aliniuliza, "Na Kendi umemtaja?" Nikaendelea kunywa chai.

Wivu ninao bado, na barua hii haitauponya. Lakini nakala yake naituma kwenu pia, walimu mliokuwa Makutano, na hasa kwako wewe wa Kanja: fungua daftari, futa jina langu, andika Kendi. Wanafunzi wakiuliza kaka yake alifanya nini, waambie alitaka milio mitatu kwa kila kitu, hata kwa kuitwa kula githeri.

Ni mimi, kaka yako mkubwa kwa umri tu.