Shangazi, Mwanga Ulikuwa Unacheza

Shangazi mpendwa,

Hili sijamwambia mtu, hata mama: tangu uhamishwe, nikifumba macho naona vidoa vya zambarau vikitembea, kama vile vijidudu vya malaria ulivyonionyesha, na siku hizi sina hakika kama macho yangu ni ya kuaminika. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiwe uliyenifundisha kutazama.

Unakumbuka likizo ile ya masika hapa Mahurunga, uliponikalisha mbele ya hadubini ya zahanati? Mawingu yalitanda, na kile kioo cha kunasa jua hakikunasa kitu. Ukawasha chemli mbili. Moja uliiweka nyuma ya chupa ya maji yaliyotiwa mrututu yakawa ya buluu, iangaze kioo chenye tone la damu. Ya pili, ya kupimia, ulinikataza kuigusa ili mwanga wake usibadilike. Kati ya chemli hizo ukasimamisha karatasi yenye tone la mafuta ya nazi.

"Mwanga wa pande zote mbili ukilingana, doa linapotea," ulisema. "Likijitokeza, ujue taa imenywea. Usiisingizie damu."

Mashine ya kusaga ya kijiji ilipoanza kunguruma jirani, picha nzima ilitetemeka. Nilikasirika, wewe ukacheka. "Tazama, ondoa jicho, rudi palepale. Kinachohama ni vumbi na mtikisiko. Unachokikuta palepale ndicho cha kuandika."

Sasa Saidi, mdogo wangu, anaumwa. Bwana Chilumba, mganga wa zahanati uliyemwachia chumba chako cha vipimo, alisoma damu yake jana, asubuhi ya mawingu, mashine ikisaga. Akasema ni safi. Mama alifurahi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na niliona jinsi mwanga ulivyokuwa ukipanda na kushuka, lakini sikutoa neno. Klorokwini, dawa ya malaria, imebaki kidogo, haitolewi kwa kubahatisha. Na Saidi leo ametetemeka mpaka kitanda kikalia. Nilifungua kitabu cha fizikia, nikakifunga. Nikatoka nje, nikaingia. Mama akaniuliza, "Una nini wewe, mbona hutulii?" Nikasema sina kitu.

Mchana nilikwenda mashineni. Kina mama walikuwa kwenye foleni na nyungo zao za makopa ya muhogo.

"Kaka Hassani, naomba uzime kidogo."

"Nizime? Umetumwa na mwenyekiti?"

"Mwache msomi wetu," mmoja alidakia, "anataka tutwange kwa kalamu!"

Wakacheka wote. Masikio yaliniwaka moto, Shangazi. Ningeweza kuondoka.

"Ni damu ya Saidi," nilisema. "Inasomwa upya. Meza ikitikisika haisomeki."

Haikuwa inasomwa. Bwana Chilumba mwenyewe nilikuwa bado sijamwambia. Bi Somoe, aliyekuwa mbele kabisa, alitua ungo wake chini. "Zima, Hassani. Ugali utangoja."

Akazima. Nikakimbia zahanati.

"Shikamoo, Daktari. Mashine imezimwa. Tunaweza kumtazama Saidi tena?"

Alinitazama, akatazama mawingu dirishani. "Hata mimi jana sikuridhika," alisema. "Lete zile chemli."

Yeye alisoma, mimi nikalinda doa la mafuta. Lilipojitokeza nilisema, "Ngoja," nikapandisha utambi wa chemli ya kwanza mpaka likapotea, naye akarudi kutazama. Aliondoa jicho, akarudisha, akaondoa tena. Nilitamani kumsukuma nitazame mwenyewe.

"Vijidudu vipo," alisema mwishoni. "Palepale kila nikirudi. Kamwite mama yako."

Nilimwita. Nikasaga kidonge kwa kijiko, nikakichanganya na sukari, nikampa, Saidi akatapika, nikasaga kingine, kikakaa. Kisha nikarudi mashineni, maana kina mama walikuwa bado wamekaa chini wakinisubiri, nikawaambia kwa sauti ya kusikika na wote: "Amekutwa na malaria. Ameanza dawa. Kaka Hassani, washa."

Uwe na afya njema huko uliko, na utuombee usiku wa leo upite salama.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.