Aliyekuja Kula Nami

Mjukuu wangu Ayuma,

Nakusalimu kwa jina la Yesu kutoka Lurambi. Babu yako yuko shambani anapalilia, mvua tumepata. Unasema huko chuoni mnajaribu kutia jeni kwenye kidonda bila kutumia virusi kuzibeba, ili ngozi ikazane kujifunga. Ukaniuliza kidonda changu cha zamani kiliniumiza vipi.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi panga la kukatia miwa liliponipata mguuni. Kidonda kilikataa kupona, kikaanza kunuka. Nikawa nakula peke yangu nyuma ya jikoni. Jioni moja mama mkwe akanifuata na sahani yake ya obusuma, ugali wetu, akaketi karibu nami.

"Mama, nanuka," nikamwambia.

"Nimekuja kula na binti yangu," akajibu, akanimegea.

Nikala huku nalia. Asubuhi akanipeleka hospitali, nikatibiwa mpaka kikafunga.

Maumivu nimeyasahau, Ayuma. Upweke ule sijausahau, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa mama yule. Nikisikia unavyohangaikia vidonda vya watu, nafurahi kwamba tulikupa jina lake.

Nyanya yako anayekupenda.