Tundu Aliloliacha Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, baada ya mvua

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Mawe,

Salamu nyingi kama mvua za wiki hii. Hujambo huko? Unakula vizuri, au bado unashinda mapangoni na mkate mkavu mfukoni? Sisi tu wazima. Kifua cha Mama kimetulia. Unyevu wa chumba hiki ulikuwa ukimkohoza usiku kucha, na habari yangu inaanzia hapo.

Baba aliamua kung'oa sakafu yote amwage zege jipya. Unamjua Baba na uashi wake, hajawahi kuacha ufa wa kupitisha hata wembe. Alipong'oa, chini kabisa ya ukuta likatokea tundu linaloingia kwenye mwamba. Ukimulika tochi huoni mwisho.

Humo Mama akawaona wale wadudu wako. Unakumbuka tulivyowaita vidonge, kwa kuwa ukiwagusa wanajikunja? Ila hawa walikuwa weupe pe. Baba akasema, "Chokaa yangu hiyo, imewamwagikia." Basi Mama kwa huruma zake akamchukua mmoja, akamwosha kwenye kikombe. Akamwosha tena. Maskini, rangi ilikuwa yake mwenyewe! Hata macho hakuwa nayo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikamrudisha haraka kabla Mama hajamtafutia taulo.

Nikawaeleza uliyonifundisha kwenye simu: kwamba hao ni ndugu wa kaa na kamba, wanapumulia tumboni, na wakikauka wamekwisha. Kwamba wapo wa ufukweni, wapo wa jangwani wanaoishi shimoni baba, mama na watoto, wapo hata wapangaji kwenye nyumba za sisimizi. Na wapo hawa wa gizani, ambao pengine pango lao ni hilo hilo moja duniani. Mama alipenda ile ya jike kubeba watoto kwenye mfuko chini ya tumbo. Baba aliendelea kukoroga zege.

Niliogopa, mdogo wangu. Pango likijazwa zege, majani yanayosombwa na mvua hayaingii, na hicho ndicho chakula chao. Lakini Mama naye ni Mama, na kifua si cha kuchezea. Tena unajua, tangu uweke mwiko wa uashi chini ukafuata wadudu, Baba hajalitaja jina lako. Kuwatetea wao ni kukutetea wewe. Nikamsogezea ndoo ya maji.

Ndipo Baba akauliza, bila kuinua macho, "Yule wa wadudu angesemaje?"

Nikamwambia angeomba wasizibiwe. Akaguna. Akatoka, akazunguka nyumba, akagundua mwamba una mdomo mwingine upande wa mtaro. Basi akajenga ukuta mnene kati ya chumba na pango, akaupiga plasta ndani, na sasa Mama analala pakavu. Kule mtaroni akajengea mawe vizuri kuzunguka ule mdomo, akauacha wazi majani yapite.

Jana jirani yetu fundi bomba alipita akamcheka, "Mzee, leo umesahau tofali!" Kwa Baba hilo ni tusi. Akajibu taratibu, "Sijasahau. Huo ni mlango wa wadudu wa mwanangu."

Mama anakusalimu, na anauliza kama huko wanapatikana wenye rangi. Shangazi anakusalimu pia, ingawa ameapa hatakanyaga tena chumba hiki.

Siku zote nikifika hapa huandika "Baba hajambo" nikasonga mbele. Leo amesimama nyuma ya kiti changu, simenti mikononi, kasema niandike: Baba anakusalimu. Imebidi arudie, mara ya kwanza kalamu ilinigomea.

Mungu akumulikie huko gizani.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata ukinuka popo,
Dada Sindano

Baba anasema bado sijamaliza. Niandike: njoo uwaone.