Alama Zisizokuwa Zake

Thunder Bay, Ontario
Jumapili, 9 Februari

Shemeji yangu Tauno,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye theluji, wewe na Kaarina mkeo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba nyonga ya mama inazidi kuunga. Kabla ya Krismasi Kaarina aliniambia kwa simu kwamba mama sasa anatoka kitandani hadi dirishani akishika kigari chake cha kutembelea. Nilishukuru, ingawa sikujua kama nina haki ya kushukuru. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mimi bado ni fundi wa magari ya manispaa ya kuzoa theluji, na mwaka huu yanaharibika kama yaliyokula njama.

Najua ulisema hutaki kusikia lolote kutoka nyumba hii. Nakuomba tu uisome barua hii mpaka mwisho, hata kama utaichana baadaye.

Dada yako Marketta hajambo, kwa maana kwamba anakula, anameza dawa zake na analala. Tangu Novemba hisia zake hazijapaa wala kuzama, na daktari anasema ugonjwa umetulia. Lakini ameacha kufanya mambo. Haoki mikate tena. Haendi kuoga mvuke wa sauna kwa rafiki yake Sirkka siku za Jumamosi. Nikimwomba hata anisomee namba ya simu, ananirudishia karatasi na kusema, "Soma wewe, Len. Mimi nitakosea." Hasemi kwa hasira. Anasema kama mtu anayekuambia leo ni siku gani.

Unakumbuka alivyoanza yale mazoezi ya akili pale kliniki mwezi wa Julai. Ulimtania kwenye simu: "Bibi mzima wa miaka hamsini na mbili, unaenda kucheza gemu?" Yeye naye akakujibu kwamba angalau yeye atacheza ashinde, si kama wewe na karata zako. Tulicheka wote. Lakini Bi Denise Beaucage, anayeyasimamia mazoezi hayo, alikuwa ametueleza vizuri. Alisema ugonjwa huu wa hisia kupanda na kushuka, hata ukitulia, huacha ukungu kichwani. Mtu hana huzuni, hana ule wazimu wa furaha, ila anasahau sufuria jikoni na kupoteza uzi wa mazungumzo. Akasema akili inaweza kufunzwa upya, pole pole, kama mkono uliotoka kwenye plasta. Kila Jumanne Marketta alikutana na wenzake kliniki, na siku nyingine alikaa nyumbani dakika arobaini mbele ya kompyuta, akikumbuka nyuso, akifuata namba, akipanga safari za dukani. Alama zilikwenda zenyewe kwa Bi Denise.

Ulipokuja Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Oktoba, ni mimi niliyekuonyesha karatasi ya alama kwenye mlango wa friji, ule mstari uliopanda kama ngazi. Mama hakuweza tena kuishi peke yake. Wewe ulikuwa umempatia nafasi katika nyumba ya wazee huko Sudbury, na Marketta alikuwa anataka tumchukue sisi. Ulinivuta gereji ukaniuliza, "Len, niambie kweli. Anaweza?" Nikakujibu kwamba karatasi umeiona, na karatasi haina sababu ya kudanganya. Ukamwacha mama kwetu.

Yaliyotokea baadaye unayajua, ila hukusikia yalivyotokea, maana hukutaka kusikia. Asubuhi ile ya Novemba mimi nilikuwa kazini. Marketta alimpa mama vidonge vya presha pamoja na uji. Simu ikalia, ilikuwa kanisani wanauliza habari za mikate ya mnada. Aliporudi mezani hakukumbuka kama ameshampa, akampa tena. Mama naye, unavyomjua, hakatai kitu kutoka mkononi mwa binti yake. Kabla ya saa tano presha ikashuka, mama akaanguka pale jikoni, nyonga ikavunjika. Marketta ndiye aliyepiga simu ya dharura, ndiye aliyewaambia wauguzi waziwazi kwamba huenda amempa dawa mara mbili. Hakuficha hata dakika moja.

Kwenye korido ya hospitali ulimwambia, "Uliwaonyesha watu akili usiyokuwa nayo." Kisha ukamchukua mama, ukasema Marketta asikanyage kwako. Sikulaumu. Ila nataka ujue kwamba maneno yale hakuyatupa. Bi Denise alimpigia mara tatu arudi kwenye mazoezi. Mara ya tatu Marketta alimjibu nikiwa nimekaa hapohapo: "Nilifika juu kabisa kwenye mazoezi yenu, na bado nikampa mama dawa mara mbili. Kama juu ndiko huko, mimi sina tena pa kwenda."

Shemeji, huko juu hakufika yeye. Nilifika mimi.

Juma la sita la mazoezi Marketta alizama. Siku nne hakutoka kitandani. Nilikuwa nimesikia kwamba anayekosa majuma mawili nafasi yake hupewa mwingine, na tulikuwa tumeingoja nafasi ile mwaka mzima. Basi nilipotoka kazini nikakaa mbele ya kompyuta, nikafungua kwa jina lake, nikafanya mazoezi ya siku ile. Nilijiambia ni siku mbili tatu tu, mpaka ainuke. Alipoinuka alama zake zilikuwa chini ya zangu, nikaona watashangaa. Nikaendelea. Siku alizofanya yeye, nilirudia mazoezi yake kama alama zilikuwa mbaya. Nilikosea makusudi hapa na pale ili ionekane kweli. Yeye hakujua. Aliuona mstari unapanda, akafurahi, nami nikaipenda ile furaha kuliko kitu chochote nyumbani humu.

Ubaya wenyewe Bi Denise amenieleza Alhamisi, nilipokwenda kumwambia. Mtu mwenye alama ndogo, wao humkalisha na kumfundisha mazoea ya kujisaidia: kuweka alama kwenye kalenda kila anapotoa dawa, kutokuacha jambo nusu simu inapolia. Marketta hakufundishwa hayo. Alama zangu zilimrusha juu ya hatua hiyo, kwa sababu zilisema haihitaji.

Siku hiyohiyo nilirudi nyumbani nikamwambia, mezani, mchana. Nilitegemea kilio. Badala yake akaniuliza, "Zangu zilikuwa zipi?" Majuma matano ya kwanza aliyafanya peke yake, na mimi sikuwahi hata kuyatazama.

Ijumaa alipiga simu kliniki mwenyewe, namba ya kwanza kuibonyeza tangu Novemba. Bi Denise akatenga alama kwa tarehe. Katika zoezi la nyuso, Marketta alianza kwa kukumbuka kumi na moja kati ya arobaini. Kufikia juma la tano alikuwa amefika kumi na tisa. Alirudia peke yake, "Kumi na tisa." Halafu akanigeukia. "Nilikuwa naja, Len. Hukuningoja."

Hajanisamehe, na sijamwomba afanye haraka. Amehamia chumba cha kushonea. Jumanne anaanza mazoezi upya, kutoka mwanzo, na amebadilisha neno la siri la kompyuta. Amesema nisikae hata chumba kimoja naye anapofanya.

Hakunituma nikuandikie haya, wala hataki kutetewa. Anasema mkono uliompa mama dawa mara mbili ulikuwa wake na anaubeba. Lakini lile la kudanganya watu si lake, shemeji. Uliliweka juu ya mtu asiyehusika, na mimi nilisimama pembeni yako kwenye korido ile nikakuacha uliweke.

Jumapili ijayo, saa nane mchana, atawapigia simu azungumze na mama. Ameniambia nisiishike hiyo simu. Mimi usiponipokea tena maisha yako yote nitaelewa. Yeye mpokee.

Nisalimie Kaarina, na mama ukiona inafaa.

Shemeji yako,
Leonard Hrynyk