Motokari Inaangaliwa Jioni

Babu yangu,

Nikuanzie na habari ya Gaju, maana najua ungeuliza ng'ombe wako kwanza kabla ya kutuuliza sisi. Yuko. Amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni, na anapiga teke kama mama yake. Hatukumuuza. Ilibaki kidogo sana, Babu, lakini hatukumuuza, na hiyo ndiyo sababu nimekaa chini kukuandikia.

Naandika kwa Kiswahili. Lugha yetu ya nyumbani naiongea tu, kuiandika hakuna aliyenifundisha. Kiingereza ni cha shule ya hapa Uganda, na wewe ulisema wanaokiongea ni kama banatafuna kiazi ya moto. Kiswahili ndicho nilichoanza nacho kilasi ya kwanza kule kwetu milimani, ng'ambo ya mpaka, tena ndicho cha Biblia yako, ile uliyoishona jalada kwa uzi wa gunia. Kwa hiyo hii utaisoma mwenyewe, hutaniita nikutafsirie.

Tangu tulipokuzika, Mama amekuwa mfanyabiashara wa kweli. Anakusanya maziwa ya majirani, anachanganya na ya Gaju, anapeleka sokoni Rwekubo kwa pikipiki ya kukodi. Lakini mwenye pikipiki anakuja akitaka, na siku asipotaka tunakunywa maziwa yaliyoganda mpaka tunayachukia. Halafu akapatikana mama mmoja wa Kakiika, kule Mbarara, anatengeneza yogati. Alisema atachukua maziwa yote, kila siku, mradi yafike kabla hayajaharibika. Mama alirudi nyumbani siku hiyo anaimba. Alipomaliza kuimba akasema: "Sasa tunahitaji motokari."

Pesa zilikuwepo, zile za maharage na zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa kupeana pesa wa kina mama wa kanisa. Ila zilikuwa kama turubai fupi kwenye nyumba ndefu: unavuta huku, mvua inaingia kule.

Kaka Elie, unamjua, hakungoja hata chai ipoe. "Mama, motokari ya zamani ni kuoa mugonjwa. Kila siku dawa!"

Mama akamjibu: "Na mupya ya mukopo ni kuoa bila kumaliza mahari. Bakwe banakuja kila mwezi, na banakuja na njaa."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Lakini nilijua kwamba wote wawili wanasema kweli, na hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Jumamosi tukaenda Mbarara, sisi watatu. Kwanza tuliingia kwenye uwanja wa kuuzia magari, yamepangwa kama wanakwaya siku ya Krismasi, yote yanang'aa. Elie akaenda moja kwa moja kwenye kigari kimoja cheupe chenye mlango mpana wa nyuma. Muuzaji akaja mbio. "Nyabo, hii ni mpya kabisa. Namba ya Uganda bado haijapata!"

Babu, nikuambie nilichojifunza. Mpya ya Mbarara si ile isiyotumika. Ni ile iliyozeekea Japani, ikaja huku kuanza ujana tena. Usukani ulikuwa umelainika kwa mikono ya watu ambao hatutawajua kamwe. Lakini nakiri, niliingia, nikakaa, na moyo wangu ukatekwa. Kilikuwa kinanukia sabuni nzuri. Nilijiona nateremka kutoka humo mbele ya geti la shule, wale wasichana wanaoniita Bubu wakiniangalia. Nilifunga mlango polepole, nikaufungua, nikaufunga tena, kwa ajili ya ule mlio tu. Kama Mama angenigeukia dakika ile na kuniuliza, ningesema ndiyo.

Lakini hakuniuliza mimi, alimuuliza muuzaji bei. Ilikuwa hivi: tutoe zote tulizo nazo, tumuuze Gaju na mimba yake, halafu iliyobaki tulipe kila mwezi. Tukikosa, wanakuja kuchukua gari. Elie alisema: "Ngombe ni moja tu, Mama." Mama alikuwa anaipapasa bodi ile nyeupe kwa kiganja, na mimi niliuona mkono wake, nikakukumbuka.

Unakumbuka siku ile ya mnada wa ng'ombe, mimi nimekushikia fimbo? Kulikuwa na ng'ombe mmoja mweusi, mwenyewe amempaka hata mafuta kwenye pembe. Watu wote wamemzunguka. Wewe uliangalia kidogo, ukasema: "Asubuhi kila ng'ombe ni muzuri. Nitarudi jioni." Tukashinda pale tunakula mahindi ya kuchoma. Jioni alipotoka kunywa maji, akipanda kile kilima, ukasimama nyuma yake, si mbele. Mguu wa nyuma ulikuwa unamsumbua. Ukamsalimia mwenye ng'ombe kwa heshima zote, ukamwombea baraka, tukarudi mikono mitupu. Gaju ulimpata wiki nyingine, kwa njia ileile: jioni, amechoka, anapanda, unamwangalia kwa nyuma. Na kabla ya kulipa hukumuuliza mwenye ng'ombe. Ulimuuliza mama aliyekuwa anamkamua.

Basi nikamnong'oneza Mama sikioni. Mama akasema kwa sauti, mbele ya watu: "Sema na kinywa yako! Mimi siko redio yako."

Babu, nilisema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga, lakini ilitoka. "Tunaweza kurudi kuiona jioni? Ikitoka kubeba mzigo, ikiwa imechoka?"

Muuzaji alicheka mpaka akashika kiuno. "Nyabo, mtoto wako anataka gari ichoke? Hii haitoki hapa mpaka pesa iingie!" Elie akaficha uso. "Esteri, we! Tunanunua motokari, hatununui ngombe!" Hata mwenye kuuza soda pale nje alicheka. Nilitamani ardhi inimeze na viatu vyangu. Lakini Mama aliacha kuipapasa ile bodi. Akafunga kitenge chake vizuri, akasema: "Aksanti, bwana. Mungu akubariki." Yaani maneno yako yale ya mnadani. Nilijua tumetoka.

Kutoka hapo tukaenda Ruti, kwenye barabara ya Kabale, kwa mzee mmoja Munyankore, mwenyeji wa huku, mfanyabiashara wa matoke. Alikuwa anauza pikapu yake kwa sababu amepata lori. Hii haikuficha uzee wake. Rangi yake ni ile ya ng'ombe mwekundu aliyegaagaa vumbini. Tuliweza kuilipa yote na kitu kikabaki. Lakini ilikuwa imeoshwa, Babu, mpaka injini, na nilipoweka mkono juu ya boneti nilikuta ina moto tayari. Imeamshwa kabla hatujafika. Nikawaza, huyu naye amepaka pembe mafuta.

Elie aliniangalia kwa jicho la kusema usithubutu. Nikathubutu. Nilimwambia yule mzee maneno yaleyale, huku naangalia viatu vyake.

Hakucheka. Akauliza: "Nani alikufundisha hiyo?"

"Babu yangu."

"Babu yako alikuwa na ng'ombe," akasema, na hakuwa anauliza. Halafu ndipo akacheka, kicheko kirefu. "Kuja Jumanne, jioni. Na mimi siioshi!"

Jumanne tulisimama chini ya kilima cha Ruti, Elie amekuja na rafiki yake fundi. Ikatokea imejaa matoke hadi juu. Tukaiacha itupite, tukaiangalia kwa nyuma. Ilipanda polepole, Babu, kama mama mwenye mzigo kichwani anayejua kwake si mbali. Haikukohoa. Haikutoa moshi mweusi. Taa moja ya nyuma ilikuwa imekufa na mlango wa kushoto umefungwa kwa mpira, lakini mgongo wake ulikuwa umenyooka. Fundi akalala chini yake, akatoka na vumbi tele na uso wa amani.

Mama alimfuata dereva, si mwenye gari. Dereva akamwambia bila kuficha: "Mama, gia ya pili ina kichwa ngumu. Honi hailii. Lakini na mzigo haijaniacha njiani, hata siku ya mvua." Kwa ajili ya ile gia na ile honi, Mama akashusha bei. Walibishana kwa furaha kabisa, yeye na mzee, kila mmoja akimwita mwenzake mwizi wa mifugo, mpaka wakakubaliana. Kesho yake asubuhi tukarudi, wakaangalia jina kwenye kadi ya gari na jina kwenye kitambulisho, mwenyekiti wa kijiji akaweka muhuri.

Tulidhani tumemaliza. Elie ameshakaa kwenye usukani. Mama akasimama tu palepale, hapandi. "Na kamba?"

"Kamba gani tena, Mama?" Elie alikuwa karibu kulia.

"Mnyama hatoki kwa mtu bila kamba yake. Mwenye kuuza akibaki na kamba, amebaki na bahati."

Nilifikiri sasa watatufukuza. Yule mzee akaingia ndani, akatoka na kamba ya katani aliyokuwa anafungia matoke, akampa Mama kwa mikono miwili. "Hata kwetu ni hivyo," akasema. Iko hapa, imening'inia juu ya kitanda chako, pamoja na fimbo.

Elie bado anasema tungechukua ile nyeupe. Wiki ya kwanza gia ya pili ilimtukanisha mbele ya kanisa, na akaniambia: "Muuguze basi, ni mugonjwa wako." Tuliitengeneza kwa pesa ileile iliyobaki na kwa maziwa ya Gaju. Kama Gaju angeuzwa, tungeitengeneza na nini? Maziwa yanafika Kakiika yakiwa mazima, na yule mama wa yogati ameanza kumwita Mama "dada."

Sasa nikuambie lile lililonifanya nichukue kalamu. Honi. Haijatengenezwa mpaka leo. Siku ya kwanza tunaleta motokari nyumbani, tukafika Rwekubo, siku ya soko, watu wamejaa barabarani. Elie akabonyeza, kimya. Akaniambia: "Esteri, toa kichwa, upige kelele." Mimi! Bubu! Nikatoa kichwa, nikasema "samahani," hata mbuzi hakugeuka. Mbele zaidi, watu walipopungua, tukakuta kundi la ng'ombe limeziba njia yote, zile za pembe ndefu, na hakuna anayeharakisha.

Sikufikiri. Nilipiga ule mluzi wako, Babu, ule wa kurudisha ng'ombe jioni, mrefu halafu mfupi unaopanda juu. Ng'ombe zote ziliinua vichwa. Zikasogea pembeni, polepole, kwa adabu, kama watu wanaompisha mkubwa wao. Tukapita katikati. Mama alifunika uso kwa kitenge, na sijui alikuwa analia au anacheka, mabega yanatikisika vilevile kwa yote mawili. Elie akasema: "Honi tusitengeneze tena."

Tumeiita Bihogo, jina la ng'ombe mwekundu, kwa sababu ya rangi yake. Ungecheka. Mwaka ule gari la mchungaji lilipokwama kwenye matope, wewe uliligonga mgongoni ukaliambia, kama ng'ombe aliyelala, "Simama, mama." Kumbe ulijua zamani kwamba gari nalo ni ng'ombe, sisi ndio hatukujua.

Lala vizuri, Babu. Ndama wa doa jeupe hatauzwa kwa ajili ya kitu chochote kinachong'aa asubuhi. Nimemwambia Mama hivyo kwa kinywa changu, na si sikioni. Na kila jioni nitasimama pale ulipokuwa unasimama, karibu na ua, Bihogo akipanda kilima na mikebe mitupu inagongana. Nitamwacha anipite. Nitamwangalia kwa nyuma. Nikiona mguu unamsumbua, nitasema.

Mjukuu wako anayepiga mluzi,
Esteri